Picha Iliyopigwa Pasi

Pasi ilimponyoka Dobi saa nne asubuhi, imejaa mkaa, ikatua kwenye shati jeupe la karani wa benki. Haikukaa pale zaidi ya kupepesa macho mara tatu, lakini pasi ya mkaa haihitaji kubembelezwa. Shati likabaki na alama ya kahawia mgongoni, safi kabisa, yenye ncha na kisigino, kama vile karani alikanyagwa na mtu wa mguu mmoja.

"Umesinzia?" mkewe akauliza kutoka uani alikokuwa anaanika.

"Sijasinzia."

"Basi umefanya makusudi. Na karani wa watu hajakukosea kitu."

Dobi alikuwa anauangalia mkono wake wa kulia kama mtu anavyomwangalia mgeni aliyekula, akashiba, kisha akaanza kutukana. Kidole gumba, cha shahada na cha kati vilikuwa vimekufa ganzi. Na pale upande wa ndani wa mkono, juu kidogo ya kifundo, mahali watu wanapovalia saa, palikuwa pameumuka kitu cha ukubwa wa nusu yai.

Mkewe aliingia na shuka moja begani, akaiona pasi chini, akaliona shati, halafu akaliona jicho la mumewe. Akamshika mkono na kuupandisha ule mkono wa shati. Ndiyo, mkono mrefu wa shati. Mwezi mzima Dobi anafua juani na mikono mirefu, na mkewe alidhani anataka kufanana na wateja.

"Hiki nini?"

"Kitu."

"Kitu gani?"

"Kitu tu. Hakina muda."

"Bwana, nimekaa na wewe miaka ishirini na miwili. Ukisema hakina muda najua kina miezi."

"Minne," Dobi akasema.

Mkewe hakupiga kelele, na hapo ndipo Dobi alipoogopa. Alikibonyeza kile kitu kwa kidole gumba. Kigumu, kama kipande cha sabuni kilichosahauliwa juani. Wote wawili waliwaza neno moja na hakuna aliyelitamka. Katika nyumba ile liliitwa "ugonjwa wa dada," kwa sababu ndio uliomchukua dada mkubwa wa mke, nao ulianza hivyo hivyo, kidonge kidogo tu kisichouma, kinachofichwa ndani ya nguo.

"Kama mnanong'ona kuhusu lile yai," sauti ikatoka kwenye kigoda cha mlangoni, "mimi nililiona tangu mwezi ule. Nilikuwa nangoja lianguliwe."

Huyo alikuwa mama yake Dobi, bikizee anayekunja foronya bila kuziangalia, kwa kuwa macho yake huwa na shughuli nyingine.

"Mama! Uliliona ukanyamaza?"

"Mwanaume akificha kitu, mwache akichoke mwenyewe. Sasa amekichoka. Mpeleke hospitali."

Lakini kwanza palikuwa na shuka za nyumba ya wageni, thelathini, ziko kwenye maji tangu alfajiri. Ukitaka kuwajua Dobi na mkewe, watazame wakikamua shuka. Wanasimama wakitazamana, kila mmoja na ncha yake. Yeye anasokota, mkewe anashikilia. Shuka inajinyonga katikati yao mpaka inakuwa kamba nene, maji yanashuka chini, ndipo wanasogeleana kukutanisha ncha, pua kwa pua. "Wewe shikilia tu, bibie," Dobi husema, kama mtu anayemwonea mwenzake huruma kwa kazi nyepesi. Walikutana hivyo, kwenye beseni la mtu mwingine, na majirani husema hawajaachana kwa sababu kila siku wanalazimika kusogeleana mara thelathini.

Walizikamua zote. Ile ya mwisho Dobi aliisokota meno yameumana, vidole havisikii kitu. Kisha wakaenda.

Daktari wa upasuaji alikuwa kijana mpole mwenye macho mekundu, na nje ya mlango wake watu walijaa mabenchi matatu. Hakuwa na kiburi. Alichokosa ni muda. Aliukamata mkono wa Dobi, akabonyeza ile nusu yai, ambayo kwa kazi ya asubuhi ilikuwa imevimba vizuri na kung'aa.

"Inauma?"

"Haiumi. Inatia ganzi."

"Huu uvimbe utoke. Tunaukata, kipande kinapelekwa kupimwa."

"Kipande cha nini?" mke akauliza.

"Cha uvimbe, mama."

"Na mkono?"

"Mkono unabaki," daktari akatabasamu. Kisha akaacha kutabasamu. "Ila niwaambie ukweli. Uko karibu sana na mshipa wa fahamu. Vidole hivi vitatu vinaweza visirudi kama zamani. Na kipimo kikisema ni kitu kibaya, tutazungumza zaidi."

"Zaidi ya hapo pana nini, daktari?"

Daktari akainama kuandika. Ijumaa picha. Jumatatu waje na hiyo picha. Jumanne asubuhi aje kukatwa, bila kula.

Walipofika kwenye kona ya nyumbani mke akasimama. "Kuanzia sasa hugusi maji," akasema. "Hugusi maji, hugusi pasi, hugusi hata kopo. Mkono huo ufike kwenye picha umepumzika."

"Na shuka?"

"Mimi na mama."

Siku mbili Dobi alikalishwa kwenye kiti cheupe uani kama bwana harusi aliyesahauliwa na wapambe. Jioni mkewe alimkanda kwa maji ya moto na chumvi. Asubuhi bikizee alimkanda tena kwa nafasi yake, akidai mkewe hajui. Kilichomuuma Dobi si mkono. Ni kuwaona wanawake wale wawili wakihangaika na shuka, bikizee akining'inia kwenye ncha kama nguo iliyoanikwa, na majirani wakipita wanauliza, "Leo Dobi amekuwa meneja?"

Alhamisi usiku aliunyoosha mkono kwenye mwanga wa taa akautazama. Alikuwa anajaribu kufikiria vidole vyake vimelala daima. Angefunga vipi vifungo vya mashati ya watu? Angejuaje joto la pasi? Maana Dobi hupima joto kwa kulamba kidole cha shahada na kuigusa pasi, tsss, ikisema hivi ni ya pamba, ikisema vile ni ya hariri. Kidole kilichokufa hakisikii pasi inasema nini.

Ijumaa alivaa shati lililotiwa wanga, amelipiga pasi mwenyewe kwa mkono wa kushoto huku mkewe amegeuka makusudi asione. Bikizee naye alikwenda nao. Chumba cha picha kilikuwa na baridi na pazia la kijani. Mwenye chumba alikuwa mama wa makamo, miwani iko juu ya nywele, watu wote hapo wakimwita Mama Picha. Alimpaka Dobi mafuta mazito ya baridi mkononi, akachukua kifaa kidogo na kuanza kukitelezesha. Dobi alitulia kidogo. Kile kifaa kilikuwa na umbo la kipande cha sabuni, na sabuni ni kitu anachokijua.

Mama Picha akapita juu, akapita chini. "Uvimbe uko wapi?"

"Hapo hapo."

"Hapa hapana uvimbe."

Wote wanne wakainama. Mkono ulikuwa umelala sawasawa, laini kama foronya iliyonyooshwa. Ile nusu yai haikuwepo.

"Lilikuwepo!" mke akasema. "Mimi mwenyewe nimelibonyeza!"

Msaidizi aliyekuwa mlangoni na mafaili akaguna. "Wapo wanaotafuta tu karatasi ya kupumzika kazini."

"Mwanangu," bikizee akamgeukia polepole, "huyu bosi wake ni mimi. Hiyo karatasi angemletea nani?"

Lakini Dobi alikuwa ameshaanza kushusha mkono wa shati, uso umemshuka. Kuambiwa ni mgonjwa alishazoea. Kuambiwa ni mwongo, mbele ya mama yake, ndani ya shati la wanga, ilikuwa mpya.

Mama Picha hakucheka. Aliteremsha miwani machoni. "Ngoja. Huwa kinatokea wakati gani?"

"Nikikamua nguo."

"Umekamua lini mara ya mwisho?"

"Jumatano," mke akajibu yeye, kwa fahari. "Tangu hapo hajagusa hata kopo. Nimempumzisha mimi. Na kumkanda."

Mama Picha akamgeukia. "Mama, umempumzisha vizuri mno. Umemfukuza mgeni kabla sijamwona sura. Nendeni. Mrudi leo saa nane, akiwa ametoka kukamua."

"Akifika hapa litakuwa limelala tena," bikizee akasema. "Hapo nje pana mfereji?"

Saa nane kasoro walikuwa getini na ndoo mbili za shuka mbichi. Mlinzi akanyoosha mkono.

"Bibi, na ndoo mnakwenda wapi?"

"Kupigwa picha."

"Na shuka pia?"

"Nazo zimo kwenye picha."

"Hospitali ina dobi wake, bibi."

"Naye ana uvimbe? Kama hana, tupishe."

Mlinzi aliwapisha, kwa sababu hakuna mafunzo ya ulinzi yanayomwandaa mtu kwa swali kama lile. Kwenye kibaraza cha nyuma, kando ya mfereji, Dobi akavua shati la wanga, akamkabidhi mama yake, akashika ncha ya shuka. Mkewe akashika nyingine. Shuka ya kwanza waliikamua kwa aibu, macho chini. Ya pili watu wakaanza kutoka wodini. Ya tatu, mgonjwa mmoja aliyefungwa plasta mguuni akaanza kuhesabu kwa sauti. Kufika ya sita kibaraza kizima kilikuwa kinasema, "Kaza! Kaza!" na muuguzi aliyekuja kuwafukuza akajikuta ameshikilia ndoo.

"Inakuja?" mkewe akanong'ona ncha zilipokutana.

"Gumba limelala," Dobi akajibu, na kwa mara ya kwanza katika miezi minne alilisema kwa furaha.

Ya nane haikumaliziwa. Walikimbia ndani, yeye kifua wazi, mkewe nyuma na mikono inachuruzika maji. Nusu yai ilikuwa imerudi, ngumu, imejaa. Mama Picha akapaka mafuta, akaweka kile kifaa juu yake.

Alikitelezesha muda mrefu. Mashine ilikuwa inanguruma taratibu. Mke aliangalia dari. Kwenye dari palikuwa na doa la maji lenye umbo la sikio, na mpaka leo anaweza kukuchorea doa lile. Bikizee hakusema neno lolote, na waliomjua wangejua kwamba hapo mambo yamefika pabaya.

"Fumba ngumi," Mama Picha akasema.

Dobi akafumba.

"Fumbua. Fumba tena. Kunja kifundo."

Kwenye kioo cha mashine kile kitu kilijikunja, kikanenepa, kikalegea, kikajikunja tena.

"Kinakutii," Mama Picha akasema, na miwani ikapanda juu ya nywele. "Kitu kibaya hakifuati amri ya mtu. Huu ni msuli, baba. Njoo uone. Unaziona hizi nyuzi?"

Dobi akasogeza uso. Kwenye ule weusi na weupe aliona mistari myembamba imelala upande mmoja, karibu karibu, bila kukatika. Macho yake yakatulia juu yake kama yanavyotulia juu ya kitambaa.

"Zimepangwa," akasema. "Kama shuka nzuri."

"Ndiyo. Uvimbe mbaya hauna mpango, ni kama pamba iliyotoka godoroni. Huu umefumwa. Ni msuli wako mwenyewe, umezaliwa nao."

"Sasa kwa nini unavimba mahali pabaya?" mke akauliza. Sauti yake ilikuwa haijamrudia sawasawa.

Mama Picha akapandisha mkono wa nguo yake mwenyewe. "Kutanisha gumba na kidole cha mwisho, hivi. Kunja kifundo kidogo. Unaona kamba inainuka hapa katikati? Hiyo ni kano ya huo msuli. Kwa watu wengi nyama ya msuli iko huku juu, karibu na kiwiko, kisha inakuwa kamba ndefu mpaka kiganjani. Wengine hawana kabisa na wala hawajui, maana hauna kazi kubwa. Huu wa mumeo umewekwa kichwa chini miguu juu. Kamba iko juu, nyama iko chini, hapa kifundoni, pembamba. Akikamua unajaa damu, unavimba, unaubana mshipa wa fahamu ulio chini yake. Akipumzika unanywea."

"Kichwa chini?" bikizee akasema. "Mbona mwenyewe alitoka hivyo hivyo!"

"Mama, tafadhali," Dobi akasema.

"Alitanguliza miguu! Mkunga alipoiona nyayo akasema huyu anaingia au anatoka? Siku nzima nimelala pale. Kumbe na ndani amepangwa vile vile!"

Mke wa Dobi akacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, halafu ukuta ukawa hautoshi akamshika mumewe, mafuta ya baridi yakampaka blauzi yote, na ndani ya kile kicheko mlikuwa na kilio cha miezi mingi ambacho hakikuwa cha mkono peke yake, kilikuwa cha dada pia. Bikizee akawakumbatia wote wawili kwa pamoja, na shati la wanga likiwa katikati.

Mashine ikatema karatasi ndogo nyembamba yenye picha. Mama Picha akawapa, akasema Jumatatu wampelekee daktari. Akasema na jambo jingine, kuhusu maelezo na kompyuta, lakini nani alikuwa anasikiliza?

Jumapili mchana Dobi aliitoa ile picha kabatini aitazame tena. Ilikuwa imejikunja kama gome. Akaibana chini ya kitabu, ikatoka imejikunja. Akaivuta kwenye ukingo wa meza, ikajikunja upande wa pili.

Sasa, miaka ishirini na miwili hakuna kitu kilichowahi kutoka nyumbani kwa Dobi kwenda kwa mtu kikiwa kimejikunja. Atampaje daktari karatasi kama ile? Alitia mkaa kidogo. Alifunika picha kwa kitambaa chenye unyevu, namna inavyofunikwa hariri. Alilamba kidole cha shahada, akaigusa pasi, tsss, akasikiliza. Akapitisha mara moja tu, taratibu, kama mtu anayempapasa mtoto kichwa.

Alipoinua kitambaa, picha ilikuwa imenyooka kama rula. Na nyeusi tii, maana karatasi za namna ile huwa nyeusi zikiguswa na joto. Nyuzi hazikuwepo, msuli haukuwepo, hata mkono haukuwepo.

"Nini kinanuka?" mkewe akauliza akiingia.

Dobi alimwonyesha. Alikuwa amekaa chini kwenye sakafu, mtu mzima, na picha juu ya goti.

Mke aliigeuza. Akaigeuza tena. "Umeipiga pasi."

"Ilijikunja."

"Umepiga pasi picha ya hospitali."

"Nimeweka na kitambaa."

Pembe za mdomo wa mkewe zikacheza, zikataka kwenda kwenye kicheko, halafu akaikumbuka Jumanne. "Atakukata," akasema. "Daktari ataona giza hili na atakukata msuli wako mzima, na vidole vyako."

"Tumwambie."

"Utamwambia wewe?"

"Nitamwambia nini? Mimi dobi. Alishaniambia uvimbe, nitamwambia hapana?"

Mkewe akakaa naye sakafuni. Akauchukua mkono wake wa kulia, akautembezea kidole kuanzia kiwiko mpaka kiganja, polepole, midomo ikitembea bila sauti. "Kamba juu," akasema, "nyama chini. Kamba juu, nyama chini. Mshipa wa fahamu unapita chini yake." Alirudia mpaka jioni. Alipomchosha mumewe akahamia kwa bikizee, na bikizee akatoa mkono wake akisema kwamba kwa miaka yake sabini huo ndio mtihani wa kwanza anaosaidia mtu kufaulu.

Jumatatu, wote watatu wakiwa mbele yake, daktari aliishika ile karatasi, akaielekeza dirishani.

"Hii nini?"

"Picha," Dobi akasema.

"Alipigwa gizani?"

"Alipigwa pasi," bikizee akasema.

Daktari akawatazama mmoja mmoja. Hakukasirika, alichoka zaidi kidogo. Mkono aliouona mbele yake ulikuwa umelala, kwa kuwa safari hii hakuna aliyekuja na ndoo. "Baba, uvimbe niliuona kwa macho yangu. Unaweza kulala na kuamka, lakini upo. Jina lako liko kwenye orodha ya kesho, la tatu."

Dobi akaitikia kwa kichwa. Kiganja chake cha kulia kilikuwa kinafumba na kufumbua chini ya meza, chenyewe.

"Daktari," mke akasema, "si uvimbe. Ni msuli."

"Nani amesema?"

"Mama Picha. Tulikamua shuka hapa hapa, ukavimba, akauona. Umefumwa, una nyuzi, ukiamrishwa unatii. Kwa watu nyama iko juu na kamba iko chini. Kwake kamba iko juu, nyama iko chini. Unaubana mshipa wa fahamu unaopita chini yake. Ukikata kesho, utakuwa unatafuta ugonjwa ambao haupo." Akavuta pumzi. "Lete mkono wako."

Katika chumba kile ni daktari anayesema lete mkono. Kijana wa watu akautoa.

"Kutanisha gumba na kidole cha mwisho. Hivyo. Kunja kifundo."

Akakunja. Mke akainama. Bikizee naye akainama, akavaa na miwani kabisa.

"Wa pili."

Akatoa wa pili.

"Huna," mke akasema.

"Sina nini?"

"Huo msuli. Wewe huna kabisa, mikono yote. Mume wangu anao, ila wamempindulia."

Daktari aliitazama mikono yake miwili mitupu juu ya meza. Msuli ule aliusoma chuoni, akaujibia mtihani, akapata alama. Hakuwahi kushikwa mkono na kuonyeshwa kwamba yeye mwenyewe hana. Akaanza kucheka, taratibu, na alipocheka alionekana mdogo sana, wa kumtuma dukani. Akanyanyua simu.

Mama Picha alifika na miwani juu ya nywele. "Maelezo yamo kwenye kompyuta tangu Ijumaa, daktari. Na picha zote. Niliwaambia hao. Hujafungua?"

"Tangu Ijumaa nafungua watu."

"Haya, fungua na hii." Kisha akaiona ile karatasi mezani. "Nani ameikaanga picha yangu?"

Dobi akanyoosha mkono. Ule wa kulia.

Daktari alisoma kwenye kompyuta yake mpaka mwisho, akarudia juu, akachukua kalamu na kulifuta jina la tatu. "Sikati," akasema. "Mama, ahsante. Ila nisikilizeni. Akiendelea kusokota hivyo, huu msuli utaubana mshipa mpaka vidole vife kweli, na hapo nitalazimika kuutoa. Miezi mitatu mkono huu usisokote kitu. Kisha mje niuone."

Furaha ya Dobi ikaishia shingoni. Dobi asiyesokota ni nani? "Sasa nitafanya nini?" akauliza.

"Utashikilia," mkewe akasema.

Jumanne asubuhi, saa ile ile ambayo angekuwa amelala mezani bila kula, Dobi alikuwa uani ameshiba, ncha ya shuka ameizungusha kiunoni na kuifunga. Uzio alikuwa ameukagua mara mbili. Hakuna jirani.

"Uko tayari?" mkewe akauliza kutoka upande wa pili.

"Anza taratibu, bibie, usije ukaumia."

Mkewe akasokota. Shuka ikajinyonga, ikakaza, ikawa kamba, ikawa mti, na Dobi akajikuta amevutwa hatua mbili mbele, kandambili moja imebaki nyuma.

"Taratibu!"

"Hiyo ndiyo taratibu."

"Tangu lini una nguvu hizo?"

"Miaka ishirini na miwili nilikuwa nakulegezea," mkewe akasema. "Simama vizuri, bwana."

Dobi akarudisha mguu, akakita visigino chini, akaegemea nyuma kwa uzito wake wote. Mgongo ukalia, mapaja yakatetemeka. Maji yakaanza kumwagika. Alikuwa anahema. "Mbona kushikilia ni kazi?"

"Nani alikwambia si kazi?"

Ni wakati huo karani wa benki alipoingia kuuliza shati lake. Aliwakuta wamefungamana katikati ya uwanja, hakuna wa kumsikiliza, akaelekea mlangoni kwa bikizee. Ukutani juu ya kigoda kulikuwa kumebandikwa karatasi ndogo nyeusi, imenyooka sana.

"Bibi, hii picha ya nini?"

"Ya mkono wa mwanangu, kwa ndani. Iangalie kwa makini utaona ulivyo mzima."

Karani akasogea, akakunja uso, akaangalia kwa muda mrefu kama mtu anayesoma hesabu. "Kweli," akasema mwishoni. "Naona."

"Basi hata alama ya shatini hutashindwa kuizoea," bikizee akasema, akampa shati lake.

Uani shuka ilikuwa imekamuka hadi tone la mwisho. Wakaanza kusogeleana kukutanisha ncha, mke akija mbele, Dobi akimngoja pale alipo, amefungwa kiunoni, hana pa kwenda. Walipofikiana mkewe alimkamata mkono wa kulia, akamminya gumba.

"Unasikia?"

"Nasikia."

"Na hiki?"

"Nasikia, bibie. Vyote nasikia."

"Bado ishirini na tisa," bikizee akaita kutoka mlangoni. "Mkimaliza kushikana."